Kuunda Roketi ya Scout kwa Matofali ya Plastiki

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru wake, roketi ya Scout, ya Marekani, iliruka kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini karibu na Malindi, ikiwa imebeba setilaiti ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani. Setilaiti hiyo ilipewa jina la Kiswahili, Uhuru. Ndiyo maana kila mtu anaponiuliza hapa Kampala aanze na roketi gani, humwambia aiache kwanza Saturn V, ile roketi iliyopeleka watu mwezini, na urefu wake wa mita 110, aanze na hii iliyoruka kutoka bahari yetu ya Afrika Mashariki. Isitoshe, ni nyembamba, na matofali mengi inayohitaji ni yale madogo ya kawaida, ambayo mimi huyachambua kutoka mafungu ya vitu vya kuchezea vya mitumba pale soko la Owino.

Anza na unene, wala si urefu. Urefu unaweza kuongezwa au kupunguzwa kwa tofali moja, lakini unene hufuata idadi ya vinundu, yale manundu ya juu ya tofali, na kila kinundu huchukua milimita 8. Hatua ya kwanza ya Scout, yaani kipande chake cha chini chenye injini yake, ilikuwa na kipenyo cha takriban mita 1. Ukiipa vinundu 3, yaani milimita 24, uwiano wako unakuwa 1:42. Kwa uwiano huo, roketi nzima ya takriban mita 23 inakuwa na sentimita 55 hivi, sawa na kozi 57, yaani safu 57 za matofali, kwa kuwa tofali moja lina kimo cha milimita 9.6. Mipaka ya hatua zake 4 ipime kwa rula kwenye picha iliyopigwa kutoka ubavuni, kisha uigawe kwa kozi.

Kila kozi ya hatua ya kwanza hujengwa kwa matofali 4 ya vinundu 2, yanayozungukana kama yanafukuzana, huku katikati pakibaki tundu. Kozi inayofuata izungushe upande wa pili, ili kila tofali la juu likalie kiungo cha matofali mawili ya chini, kama fundi mwashi anavyopishanisha viungo vya ukuta. Roketi yangu ya kwanza niliizungusha upande mmoja tu kutoka chini hadi juu. Mpwa wangu alipoinyanyua, iligawanyika nguzo nne mkononi mwake. Baada ya kila kozi 10, ning'iniza uzi wenye nati kando yake uwe timazi, na ukiona roketi imepinda, bana matofali kabla ya kuendelea.

Kazi ngumu ni pale hatua ya pili inapoanza. Hatua ya pili na ya tatu zilikuwa na kipenyo cha karibu sentimita 79, kwa hiyo vinundu 2 vinatosha, vikipungua milimita 3 tu. Lakini kitovu cha vinundu 3 kiko juu ya kinundu, na cha vinundu 2 kiko kati ya vinundu, hivyo ukipachika kawaida roketi itaegemea upande mmoja. Funika kozi ya mwisho kwa vibapa 3 (vile vipande vyembamba vyenye vinundu) vya vinundu 3, tandaza juu yake vigae laini visivyo na vinundu ukikiacha wazi kinundu cha katikati pekee, pachika hapo kibapa cha kinundu 1 ili kinundu chake kitokeze juu ya vigae, kisha shindilia juu yake kibapa cha 2 kwa 2, ambacho kwa chini kina mrija unaokipokea kinundu hicho barabara. Sipendi gundi katika kazi hii, ila hapa naruhusu tone moja, maana kinundu kimoja hakiwezi kubeba nusu ya juu ya roketi salama. Kuanzia hapo panga matofali ya mviringo ya 2 kwa 2 hadi kileleni, umalizie kwa koni.

Mapezi 4 ya chini yaundwe kwa matofali ya mshazari, yakikaa juu ya vibapa vya vinundu 3 vilivyobanwa chini ya kozi ya kwanza, kinundu kimoja ndani na viwili nje. Rangi iliyotawala ni nyeupe. Kwa kituo cha kusimamishia, tumia bamba la buluu, na juu yake uinue jukwaa dogo kwa miguu ya kijivu, kwa sababu San Marco lilisimama hivyo hivyo, kwa miguu ya chuma juu ya maji.