Somo: Sayansi ya mchangani kwa Gredi 4 hadi 6, bila maabara

Mara ya kwanza kufundisha nje nilitoka na watoto 52 saa tatu na nusu asubuhi. Nilikuwa na orodha ya mambo matano ya kufanya, jerikeni moja ya lita 20 na kipimajoto cha hospitali. Kufikia saa nne na nusu kipimajoto kilikuwa kimepasuka, maji yameisha, na binti mmoja ameketi chini ya mti, macho yamemlegea. Kivuli na maji vilimrudisha, lakini mimi nilirudi ofisini nimenywea. Tangu siku hiyo nimepunguza kila kitu: siku moja, swali moja, na jua likianza kuuma tumesharudi.

Ninafundisha nje kidogo ya Lodwar, Turkana, kaskazini mwa Kenya. Wenzangu wa Marsabit, Wajir na Garissa mtayatumia haya bila kubadilisha mengi. Wengine mtachuja.

Hatua ya 1: Pitia mahali jioni ya kuamkia siku hiyo

Nenda mwenyewe. Angalia miiba, mawe yanayoweza kuficha nge, na kivuli kitakuwa wapi saa mbili asubuhi, maana kivuli cha jioni kinakaa upande mwingine na kitakudanganya. Usiweke darasa ndani ya laga, yaani mkondo mkavu wa mto, hata mbingu iwe nyeupe pe. Mvua hunyesha milimani huko mbali, na maji yakishuka hayabishi hodi.

Tunatoka saa kumi na mbili na nusu, tunarudi saa tatu. Kila mtoto anakunywa maji kabla ya kuondoka na anabeba chupa yake ya lita moja. Viatu ni lazima. Akala, vile viatu vya tairi, zinakubalika kwa matembezi, ila zinaacha vidole wazi, kwa hiyo hakuna kuinua jiwe wala gogo kwa mkono.

Vifaa: daftari, penseli, rula, kipimapembe cha kwenye mkebe wa jiometri, kijiti kilichonyooka cha urefu wa mita moja, chupa tupu za plastiki zinazoonyesha ndani, na uzi. Kipimajoto kiwe kile cha jikoni chenye ncha ndefu ya chuma. Cha hospitali kinaishia digrii 42, na mchanga wetu unapita hapo asubuhi tu.

Hatua ya 2: Andika kabla hujagusa

Hii ndiyo hatua ninayoing'ang'ania kuliko zote. Hakuna anayechimba, kupima wala kufukua kabla hajaandika anachodhani atakipata na sababu yake. Mtoto wa mfugaji anaujua mchanga huu kuliko mimi niliyekuja na vitabu. Anajua mbuzi watalala wapi, anajua upepo wa leo umetoka wapi. Asichozoea ni kulichukua hilo analolijua, kuliandika kwa penseli, halafu kuliweka kwenye mizani mbele ya wenzake. Akiwa ameandika, akikosea anajiuliza kwa nini. Asipoandika, ukimwonyesha jibu atakwambia, "Hata mimi nilijua."

Hatua ya 3: Mbwa huchimba hadi wapi?

Nianze na swali hili kwa sababu halijawahi kuniangusha. Kila mtoto amemwona mbwa akikwangua mchanga kabla ya kulala mchana. Anatafuta nini? Wote watasema baridi. Vizuri, iko umbali gani?

Kila kundi linachimba shimo la sentimita 30 na kupima joto juu, kisha sentimita 5, 10, 20 na 30. Pimeni saa moja asubuhi. Mashimo yafukiwe, yawekewe alama, na saa saba mchana mwalimu arudi na watoto wawili tu, wamevaa kofia, wapime tena kwa dakika kumi. Uso wa mchanga utapanda kwa zaidi ya digrii ishirini, mara nyingine thelathini. Kule chini kwenye sentimita 30 namba itakuwa karibu ile ile ya asubuhi, thelathini na kitu. Mchanga mkavu umejaa hewa katikati ya chembe zake, na hewa hupitisha joto polepole, kwa hiyo joto la mchana halijafika chini usiku unapoingia.

Wachore grafu, kina upande mmoja na joto upande wa pili, mistari miwili ya asubuhi na mchana. Pale mistari inapokaribiana ndipo wanyama wadogo wa jangwani wanapojichimbia. Mbwa yeye hafiki huko. Anaridhika na sentimita chache tu, na watoto watataka kujua kwa nini.

Hatua ya 4: Mchimbaji wa faneli

Mnamjua. Yule mdudu anayetengeneza vishimo kama faneli kwenye vumbi laini chini ya upenu au chini ya mgunga, halafu anakaa chini kabisa akisubiri chungu ateleze. Wengi wetu tulimchokoza utotoni kwa kijiti. Kumbe tulikuwa tunacheza na somo zima la fizikia.

Kwanza wapime mwinamo wa kuta kwa kipimapembe, bila kugusa. Halafu wachukue mchanga ule ule mkavu, waumwage taratibu kutoka kiganjani mpaka upate kichuguu, wapime mwinamo wake. Vyote viwili vitakuwa vinakaribiana, digrii thelathini na ushei. Mchanga mkavu haukubali kusimama zaidi ya hapo. Mdudu amejenga ukuta ulio ukingoni mwa kuporomoka, ndiyo maana chungu akiweka mguu tu, sakafu inamkimbia. Mwenye nyumba naye haridhiki, anamrushia mchanga kwa kichwa ili aporomoke upesi zaidi.

Kisha mchukueni mmoja kwa kijiko, awekwe kwenye beseni la mchanga laini. Inamisha uso karibu kabisa na beseni, usipumue juu yake. Atatembea kinyumenyume, akizunguka, kichwa kikirusha mchanga kama koleo, na chembe kubwa zitaruka mbali kuliko ndogo. Ndani ya faneli kunabaki unga laini. Beseni la pili liwe na changarawe. Je, atachimba? Waandike kwanza.

Kwa Gredi 6 huongeza kwamba mdudu huyu ni mtoto tu. Akikua anaota mabawa, anafanana na kereng'ende. Na utoto wake wote, ambao huweza kuchukua zaidi ya mwaka, hana njia ya kutoa haja kubwa, anahifadhi mpaka atakapokua. Hapo darasa limekwisha kwa dakika tano, waache wacheke. Halafu mrudisheni mlipomtoa.

Hatua ya 5: Kivuli cha kijiti

Simamisha kijiti cha mita moja mahali tambarare, hakikisha hakijainama kwa kutumia uzi wenye jiwe. Weka alama kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika kumi. Hii huifanyia uwanjani, watoto wawili wawili kwa zamu, kuanzia saa sita kamili hadi saa saba.

Saa ya mkononi inasema saa sita, lakini kivuli bado kinafupika. Kenya nzima hufuata saa ya longitudo ya nyuzi (digrii) 45 mashariki, nasi Lodwar tuko kwenye nyuzi 35 na nusu hivi. Jua huchelewa dakika 4 kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo adhuhuri yetu huangukia kati ya saa sita na dakika ishirini na saa sita na dakika hamsini, kutegemea mwezi. Alama iliyo karibu kabisa na kijiti ndiyo inayokuonyesha mstari wa kaskazini na kusini. Mwishoni mwa Machi na katikati ya Septemba kivuli hupotea kabisa, kwa sababu tuko nyuzi 3 tu kaskazini ya ikweta.

Hatua ya 6: Chupa kwenye tawi

Fupi. Ingiza kitawi chenye majani mabichi ndani ya chupa, ziba mdomo kwa kitambaa na uzi, acha juani hadi saa nane. Fanya kwenye mti wa mswaki na kwenye mti wa mathenge, upime maji yaliyokusanyika. Maji hayo si ya kunywa.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, Wajir: Habari mwalimu. Shule yetu haina kipimajoto chochote, na pesa ya vifaa hatujaiona tangu muhula wa kwanza. Tufanyeje hatua ya 3?

Jibu: Nzuri sana, mwalimu. Tafuta vifuniko vya chupa vinne, weka ndani ya kila kimoja kipande cha mafuta ya kupikia yaliyoganda, kama punje ya maharagwe. Kimoja kiache juu kwenye jua, vingine vifukie kwa kina tofauti asubuhi mapema, kila kimoja ukifunike kwa kifuniko kingine mchanga usiingie. Fukua saa saba. Cha juu kitakuwa kimekuwa mafuta ya maji. Ongeza kipande cha mshumaa pembeni yake. Mshumaa unahitaji joto kubwa zaidi kulegea, kwa hiyo utapata ngazi mbili za kipimo bila namba.

Mzazi, Lodwar: Mwalimu, mwanangu amerudi nyumbani anasema mtatafuta nge usiku kwa tochi. Ni kweli?

Jibu: Mama, usiku hatuwatoi watoto shuleni, huo ulikuwa mpango wa wanafunzi wa bweni pamoja na walimu watatu. Tochi ni ile ndogo ya madukani ya kukagulia noti. Nge akimulikwa na mwanga huo anang'aa rangi ya kijani cha samawati, unamwona kutoka hatua kadhaa. Watoto wanasimama nyuma ya kamba wakiwa na viatu vya kufunika, wanahesabu tu. Hakuna anayeshika. Mwambie pia kanuni hii nyumbani: nge mwenye mkia mnene na magando membamba ndiye wa kuogopwa zaidi, lakini yeyote asiguswe, na viatu vikung'utwe asubuhi. Akiumwa ni hospitali moja kwa moja, hakuna kuchanja wala kunyonya.

Mwalimu, Dodoma: Shikamoo mwalimu. Huku kwetu si jangwa ila ukame tunao. Nimetafuta huyo mchimbaji wa faneli porini siku mbili, sijamwona.

Jibu: Marahaba. Umekwenda mbali bure. Rudi kwenye ukuta wa darasa, chini ya upenu, penye vumbi lisiloloweshwa na mvua wala kukanyagwa. Ukiona vishimo vya upana wa kizibo cha soda, umefika. Na kwa hatua ya 5, Dodoma iko karibu kwenye mstari mmoja na sisi kutoka kaskazini hadi kusini, kwa hiyo adhuhuri yenu na yetu ni ya pamoja. Ila kwenu kivuli hupotea mwanzoni mwa Machi na karibu na wiki ya pili ya Oktoba.

Mwalimu, Garissa: Nina watoto 64 peke yangu. Hii inawezekana kweli?

Jibu: 64 kwa mara moja, hapana. Toa nusu, wengine wabaki na mwenzako, kesho mbadilishane. Makundi yawe ya watu sita, na kiongozi asiwe yule wa kwanza darasani. Mpe yule anayekosa shule kwa sababu ya mbuzi. Mwalimu mkuu akisema watoto wanacheza, mwonyeshe madaftari: ubashiri upande wa kushoto, kipimo upande wa kulia. Kwangu ndiyo yaliyonyamazisha maneno.

Mwanachama, Muscat: Assalamu alaykum. Watoto wetu wa hapa wanazungumza Kiswahili nyumbani, na wikendi twawapeleka mchangani. Kivuli chetu mwezi wa sita karibu hakionekani. Tumekosea kusimamisha kijiti?

Jibu: Wa alaykumu salaam. Hamjakosea. Muscat iko karibu kabisa na Tropiki ya Kansa, mstari wa mwisho kaskazini ambako jua hufika utosini, na tarehe 21 Juni jua la adhuhuri huwa utosini. Siku hiyo hiyo kijiti cha mita moja hapa Lodwar hutoa kivuli cha kama sentimita 37, kikielekea kusini. Tofauti hiyo ni pembe ya nyuzi 20 hivi, na kwa pembe hiyo pamoja na umbali wa kaskazini hadi kusini kati yetu, takriban kilomita 2,280, watoto wanaweza kukokotoa mzingo wa dunia nzima. Eratosthenes, mwanazuoni wa Kigiriki, alifanya hivyo Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, kwa kivuli tu. Pimeni tarehe 21 adhuhuri yenu, nasi tupime yetu. Ila wako waandike ubashiri kwanza, nami wangu nitawabana vivyo hivyo.