Somo: gari la zamani lililolala miaka, sasa linawaka lakini halivuti

Somo hili ni la magari ya kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini): Peugeot 504, Datsun, Land Rover za zamani, Volkswagen Beetle. Umelitoa nyuma ya nyumba, likakubali kuwaka, ila linamisi (injini inakatakata), linazima ukiachia mafuta, au linachoka penye mlima.

Fundi akija na bisibisi akaelekea kabureta moja kwa moja, mzuie. Kama gari lilikuwa linakwenda vizuri siku lilipoegeshwa, skrubu zake hazijajizungusha zenyewe. Kilichobadilika ni vile vinavyochacha, vinavyokauka na kushika kutu. Ukianza na skrubu utapoteza setingi nzuri na ugonjwa utabaki palepale.

Hatua ya 1: Petroli
Usimimine mpya juu ya ya zamani. Fungua tangi unuse: petroli nzima huchoma pua, iliyochacha hunuka vanishi. Sehemu zake nyepesi zimepaa, na zilizobaki zinageuka utomvu wa kahawia. Tangi lililoachwa nusu hushika kutu sehemu ya juu, kwa unyevu unaoingia na hewa. Ninyi wa Kisumu na Homa Bay mlio kando ya ziwa, chukulieni kwamba maji yamo. Kinga kidogo kutoka chini ya tangi kwenye chupa ya kioo, iache itulie. Maji yatakaa chini.

Badilisha filta na mipira yote ya mafuta. Uliokauka ukipasuka juu ya injini ya moto, gari litaungua. Ndoo ya mchanga ikae karibu muda wote wa kazi.

Halafu vuta kijiti cha oili unuse. Kama oili inanuka petroli na kiwango kimepanda, huenda diafragma (utando wa ndani) ya pampu ya mafuta imetoboka na inavujia huko. Usiwashe tena kabla ya kutengeneza pampu na kumwaga oili.

Hatua ya 2: Kabureta
Hapa ndipo mengi hukwama. Injini ikiwa na joto, vuta choki (kizibo kinachopunguza hewa ili mafuta yazidi) nusu. Ikitengemaa, inakosa mafuta au inavuta hewa ya wizi, yaani inayopenya pasipotakiwa. Ikizidi kuzama, mafuta yamezidi: floti (boya linalodhibiti kiwango cha mafuta ndani ya kabureta) imekwama au sindano yake haifungi. Gari linalokimbia vizuri lakini linazima ukiachia mafuta limeziba jeti ndogo (jeti ni kitundu kinachopima mafuta). Linalonguruma vizuri likiwa limesimama kisha linakufa mlimani, tazama jeti kubwa.

Loweka jeti kwenye dawa ya kusafishia kabureta, kisha zipulize kwa kompresa. Usichokonoe kwa waya! Tundu la jeti limepimwa kwa sehemu ndogo sana za milimita, na waya wa breki ya baiskeli, ambao nimeuona mikononi mwa mafundi wengi mno, hulipanua milele. Inua jeti uitazame dhidi ya mwanga: uone duara kamili. Ukiona kama mwezi mwandamo, utomvu bado umo.

Hatua ya 3: Moto wa plagi
Weka alama kwenye nyaya kwanza, ndipo ufungue plagi. Nyeusi kavu yenye masizi: mafuta mengi. Nyeupe: mafuta machache au hewa ya wizi. Kahawia nyepesi: sawa. Ndani ya distributa (kifaa kinachogawa umeme kwa plagi), pointi (viguso vinavyokata na kuunganisha umeme) zilizokaa bila kazi huota utando wa kijivu unaodhoofisha cheche. Pitisha msasa laini, futa, rudisha mwanya. Magari mengi ya enzi hiyo yanataka karibu milimita 0.4, lakini fuata kitabu cha gari lako.

Hatua ya 4: Hewa na kompresheni
Angalia kiota cha panya ndani ya filta ya hewa. Nyunyiza maji kidogo kwenye maungio ya manifoldi (bomba linaloingiza hewa na mafuta kwenye injini) injini ikiwa inanguruma. Sauti ikibadilika, pana upenyo. Kisha pima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda). Silinda moja ikiwa chini sana, tia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi upime tena. Ikipanda, ni ringi za pistoni. Isipopanda, ni valvu, na mara nyingi moja imekwama tu kwa kukaa.

Sasa shika bisibisi. Na kabla ya kutoka getini, kagua breki.

Maswali ya wanachama

*Kakamega: Fundi, gari yangu inaenda kama dakika kumi inazima. Ikipumzika inawaka tena.*
Ikizima, fungua kifuniko cha tangi papo hapo. Ukisikia hewa inavutwa "fyuu" na gari likawaka, tundu la kupumulia limeziba. Nyigu wa udongo wanapenda sana vijibomba hivyo.

*Kisumu: Huku mjini 504 iko sawa kabisa. Kufika Mau Summit, moshi mweusi.*
Kisumu iko kwenye mita 1,130 hivi, na huko juu umepita 2,000. Hewa ni nyepesi lakini jeti inamwaga petroli ileile. Kagua filta ya hewa na hakikisha choki imefunguka yote. Zikiwa sawa, jeti ndogo kidogo inafaa kwa anayeishi juu. Wewe wa Kisumu usibadilishe kwa ajili ya safari moja.

*Njoro: Gari ya babu iliegeshwa kabla ya 2006. Petroli ya sasa haina risasi. Itaharibu injini?*
Haihusiani na kumisi kwako kwa leo. Risasi (madini yaliyokuwa yakichanganywa na petroli) ilikuwa inalinda viti vya valvu, hasa kwenye vichwa vya injini vya chuma visivyo na viti vigumu vya kupachika. Kichwa cha 504 ni cha alumini, viti vyake vimepachikwa, kwa hiyo usihangaike. Kama ni Land Rover ya kale, usiikimbize sana na upime mwanya wa valvu mara kwa mara. Ukiona unazidi kupungua, viti vinalika.

*Bungoma: Naweza kumwaga dawa ya kabureta tangini niruke hatua ya 1?*
Hapana. Italegeza uchafu wote wa tangi na kuupeleka kwenye jeti.