Somo: Kuonja jibini na bia kwenye joto la Mtwara

Wengi wakisikia jibini wanawaza divai. Mimi naiweka bia mbele. Divai nyekundu ina ukakasi, na mara nyingi ukakasi huo unagombana na mafuta ya maziwa. Bia ina gesi inayoyakwangua mafuta ulimini, kwa hiyo kila kipande unakionja upya. Isitoshe, kimea kilichokaangwa kina harufu ya mkate na karanga, na jibini iliyokomaa nayo ina harufu hizo hizo. Watawa wa Scourmont, Ubelgiji, walianza kupika bia ya Chimay mwaka 1862, na mwaka 1876 wakaongeza jibini. Hadi leo vyote viwili vinauzwa kwa jina moja.

Ila maelekezo mengi yameandikwa na watu wa nchi za baridi. Ukiyafuata kama yalivyo hapa Mtwara, jibini itakuyeyukia kwenye sahani. Haya nimeyapanga kwa hali yetu.

Hatua ya 1: Manunuzi. Vile vipande vyembamba vya mraba vilivyofungwa kimoja kimoja kwenye plastiki viache, ni vya kuweka kwenye mkate. Njombe wanatengeneza jibini za mtindo wa Kitaliano, na Dar es Salaam utapata nyingi zaidi pamoja na bia za viwanda vidogo. Mwagize mtu anayekuja na kisanduku cha barafu, maana safari inazidi kilomita 500. Jibini ifungwe vizuri isiguswe na maji ya barafu.

Aina 3 zinatosha: moja laini na mbichi (mozzarella au jibini ya mbuzi), moja ngumu kiasi (Cheddar au Gouda), na moja kali. Kali hasa ni ile yenye ukungu wa bluu. Ukiikosa, chukua Gouda ya zaidi ya mwaka mmoja au Parmesan. Gramu 30 za kila aina kwa mtu zinatosha. Bia nazo ziwe 3: nyepesi (laga au bia ya ngano), chungu (IPA), na nyeusi (stauti). Chupa moja ya nusu lita wagawane watu wanne. Tumekuja kuonja, anayetaka kulewa baa zipo.

Hatua ya 2: Joto. Hapa ndipo penye kazi. Wazungu wanasema toa jibini kwenye friji saa nzima kabla ya kula. Chumba chenye nyuzi 30 hakikupi saa nzima. Ngumu itoe dakika 20 kabla, laini dakika 10. Ikianza kung'aa na kutoa jasho la mafuta, irudishe. Msimu wa kaskazi punguza hata hizo dakika. Kusi likivuma, Juni hadi Agosti, una nafasi zaidi. Mimi napendelea baada ya magharibi, upepo wa bahari ukishaingia.

Bia nyepesi itoke friji moja kwa moja hadi kwenye glasi. Stauti usiinywe ikiwa baridi ya kuuma meno, maana baridi inaficha harufu ya kahawa na chokoleti. Itoe pamoja na jibini ngumu.

Hatua ya 3: Kuonja. Anza na laini, malizia na kali. Ukianza na ya bluu, mozzarella utaiona kama chaki. Nusa kwanza. Tafuna jibini mpaka ilainike, na kabla hujaimeza yote piga funda dogo la bia, kisha toa pumzi kwa pua. Ladha mpya inatokea kwenye hiyo pumzi.

Hatua ya 4: Nani akae na nani. Jibini ya mbuzi ina uchachu, bia ya ngano inaupokea vizuri. Mozzarella mpe laga, hapa hakuna la kujadili.

Cheddar na IPA ndiyo ndoa ninayoipenda kuliko zote. Uchungu wa hopsi, yale maua yanayotiwa kwenye bia, unakata mafuta, nayo chumvi ya jibini inaupunguza makali uchungu wenyewe. Kila kimoja kinamtuliza mwenzake. Gouda iliyokomaa ina utamu wa sukari iliyoungua, kwa hiyo inataka bia ya rangi ya kahawia au stauti. Ya bluu na stauti tamu ni chumvi na utamu vikikutana, kama embe bichi na chumvi ilivyo kwa watoto wa pwani.

Katikati ya sahani weka korosho zilizokaangwa bila chumvi. Nyumbani kwa korosho halafu uagize lozi, hiyo itakuwa dharau. Zinakaa vizuri zaidi na Gouda.

MASWALI YA WANACHAMA

Binti Mikindani: Kaka, asante kwa somo. Sisi wengine pombe hatunywi. Tunaambulia nini? Na jibini yenyewe ni halali?

*Jibu:* Dada yangu, karibu. Soda ya tangawizi na Cheddar ni nzuri kweli, gesi ipo na ukali upo. Jibini ya mbuzi jaribu na maji ya ukwaju yasiyo na sukari nyingi. Kuhusu uhalali, kinachoulizwa ni kigandishi: kipo kinachotoka tumboni mwa ndama na kipo cha vijidudu au mimea. Soma karatasi ya pakiti, tafuta nembo ya halali au maneno yanayosema inafaa kwa wasiokula nyama.

Kijana wa Newala: Mkuu, uraka, ile pombe ya mabibo (matunda ya mkorosho), je? Msimu wa mabibo ndio huo unakuja.

*Jibu:* Uraka mbichi wa siku hiyo unafaa, una uchachu na ukakasi wa bibo. Uweke na jibini laini yenye chumvi. Wa jana umeshakuwa mkali, unaua kila kitu. Nipa, ile pombe kali ya mabibo, usiilete mezani kabisa.

Mama Ligula: Naweza kutengeneza mwenyewe? Friji yangu ndogo na umeme wenyewe mnaujua.

*Jibu:* Unaweza, mama. Chemsha lita 1 ya maziwa halisi, epua, tia vijiko vikubwa 2 hadi 3 vya maji ya ndimu huku unakoroga taratibu. Yakikatika, chuja kwa kitambaa safi, tia chumvi, kamua na ugandamize kwa saa moja. Uile siku hiyo hiyo au kesho yake, na bia ya ngano au laga.

Mzee wa Shangani: Kipande changu cha Cheddar kimeota ukungu. Nitupe?

*Jibu:* Shikamoo mzee. Ikiwa ngumu, kata sentimita 2 na nusu kuzunguka ukungu, kisu kisiuguse, kilichobaki kula. Funga upya kwa karatasi ya kuokea, si nailoni. Laini ikiota ukungu usioutarajia, tupa yote.