Somo: Kuchambua mafuta ya silikoni kwa kaboni dioksidi

Chupa moja ya mafuta ya silikoni ina minyororo ya molekuli mifupi na mirefu pamoja. Ile mifupi ndiyo huvuja baadaye na kutia ukungu kwenye lenzi. Tunaiondoa kwa kaboni dioksidi iliyovuka nyuzi 31 za Selsiasi na presha ya baa 74: hapo hupenya kama gesi na kuyeyusha kama kimiminika.

1. Changanya mafuta na shanga ndogo za kioo mpaka zote zing'ae, kisha ujaze silinda ya chuma. Ukimimina mafuta matupu, gesi itatoboa kijia kimoja katikati na kuyaacha mengine yalivyo.

2. Chukua mtungi wa kaboni dioksidi wenye bomba la ndani linalofika chini, utoe kimiminika badala ya gesi. Kichwa cha pampu kipozwe. Kikipata joto, pampu inapiga mapovu na geji haipandi ng'o.

3. Pasha silinda hadi nyuzi 60, na joto usiliguse tena. Kisu chetu ni presha. Kwa baa 100, lita moja ya kaboni dioksidi ina takriban gramu 290. Kwa baa 200, zaidi ya 700. Inavyozidi kuwa nzito ndivyo inavyobeba minyororo mirefu zaidi.

4. Anza na baa 100. Mafuta yakikoma kudondoka kwenye chupa ya kupokelea, badilisha chupa, ongeza baa 20. Usiwe na pupa: ukirukia 200 moja kwa moja, mifupi na mirefu itatoka pamoja na kazi yote imeharibika.

5. Shusha presha polepole, madirisha wazi. Gesi hii ni nzito kuliko hewa na hutuama chini.

Maswali

*Vali yangu ya kutolea imeganda barafu, nimekosea wapi?*
Hujakosea. Gesi ikitanuka ghafla hupoa sana. Izungushie waya wa kupasha joto. Usiigongegonge! Kuna siku niligonga, donge likachomoka na mafuta yakaruka hadi dari.

*Mkuu, polithini nayo inafaa?*
Kwa kaboni dioksidi, haiyeyuki. Propani iliyovuka nyuzi 97 na baa 42 huiyeyusha, ila presha inayotakiwa ni mamia ya baa, na propani inalipuka. Usijaribu kwenye chumba cha kawaida.

*Kwa hiyo kaboni dioksidi haina kazi kwa plastiki ngumu?*
Ipo. Huzivimbisha na kufyonza mabaki ya viyeyushi, plastiki yenyewe ikibaki pale pale.