Jinsi ya kuifuatilia samansi ya Bunge la Marekani inapomfuata mwendesha mashtaka wa kaunti

Nafanya kazi zamu ya usiku kwenye dawati la habari za kimataifa, na habari za aina hii huniangukia mimi kwa sababu wenzangu hawazitaki. Wanasema Wamarekani wanagombana tena. Ni kweli wanagombana, ila ugomvi huu una karatasi, na karatasi inasomeka. Utaratibu ufuatao ndio ninaowapa vijana wanaoletwa kukaa nami, na mifano yake karibu yote inatoka kwenye mvutano wa mwaka 2023 kati ya Jim Jordan, mbunge wa chama cha Trump na mwenyekiti wa kamati ya sheria ya Baraza la Wawakilishi, na Alvin Bragg, maana hakuna mfano unaofundisha zaidi.

Kabla hujaandika chochote, ujue unachokishika ni barua au ni samansi, yaani amri ya kutoa ushahidi au nyaraka. Machi 20, 2023, wenyeviti watatu wa kamati za Baraza la Wawakilishi, yaani Jordan, James Comer na Bryan Steil, walimtaka Bragg, mwendesha mashtaka wa Manhattan, awape nyaraka na maelezo kuhusu uchunguzi wake dhidi ya Donald Trump. Ile ilikuwa barua. Barua ya mwenyekiti, hata ikiwa kali kama shubiri, ni ombi tu. Asiyeitikia hajavunja sheria yoyote. Samansi ilitoka Aprili 6, siku mbili baada ya Trump kusomewa mashtaka 34 ya kughushi kumbukumbu za biashara.

Na haikumwendea Bragg. Hapa ndipo wengi huteleza, kwa hiyo soma jina lililo juu ya karatasi. Lilikuwa la Mark Pomerantz, wakili aliyeshiriki uchunguzi huo katika ofisi hiyo hiyo, akajiuzulu Februari 2022, kisha akaandika kitabu kuhusu aliyoyaona humo. Kamati ilichagua vizuri, lazima niwape sifa hiyo. Mwendesha mashtaka aliye kazini na kesi mkononi ana ngao nyingi: siri za baraza la raia wanaoamua kama mtu ashtakiwe (grand jury), kumbukumbu za ndani za mawakili, heshima ya kesi inayoendelea. Mtu aliyekwisha kuyaanika mambo kitabuni, ngao yake imeshatoboka.

Hatua inayofuata ni kupanga ngazi. Neno "mwendesha mashtaka" kwa Marekani halitoshi, useme ni wa nani. Bragg huchaguliwa na wapiga kura wa kaunti yake na hushtaki kwa sheria za jimbo la New York. Fani Willis wa kaunti ya Fulton, Georgia, ni vivyo hivyo. Hawapokei amri kutoka Wizara ya Sheria ya Washington, na mbunge hawezi kuwafuta kazi. Kwa hiyo utetezi wao wa kwanza huwa ni ule ule: jimbo lina mamlaka yake ya jinai, na Marekebisho ya Kumi ya Katiba yanayalinda. Msikilizaji asipoelewa hilo, ataona mtumishi mkaidi anayewagomea wakubwa zake, na hao si wakubwa zake kabisa.

Upande wa pili nao una hoja. Katiba ya Marekani haitaji popote samansi za Bunge, lakini Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1927, katika kesi ya McGrain dhidi ya Daugherty, kwamba Bunge haliwezi kutunga sheria gizani, hivyo linaweza kumlazimisha mtu kutoa ushahidi. Mwaka 1957, katika kesi ya Watkins, mahakama hiyo hiyo ikaweka mpaka: Bunge halina mamlaka ya kumwanika mtu kwa ajili ya kumwanika tu. Lazima pawe na kusudi la kutunga sheria.

Kwa hiyo chukua kalamu ya rangi, utafute sentensi inayotaja kusudi hilo. Mimi huanzia hapo, halafu ndiyo nasoma mengine. Kamati ya Jordan ilitaja mawili ya kuzingatia: kwamba huenda ikatunga sheria ya kuwakinga marais, waliopo na waliopita, dhidi ya mashtaka ya majimbo, na kwamba inataka kujua fedha za serikali kuu zinatumikaje kwenye ofisi za waendesha mashtaka. La kwanza linabishaniwa mpaka kesho. La pili lina miguu, kwa sababu Bunge ndilo linalotoa fedha hizo. Ofisi ya Bragg yenyewe ilikiri kwa barua kwamba ilitumia kiasi cha dola 5,000, zilizotokana na mali zilizotaifishwa chini ya sheria za serikali kuu, kwa gharama zilizohusiana na uchunguzi wa Trump au kampuni yake kati ya mwaka 2019 na 2021. Dola 5,000 kwa ofisi kama ile ni senti. Lakini kisheria senti hizo zilifungua mlango, na jaji alizitaja.

Willis alipata somo hilo hilo kwa njia nyingine. Agosti 24, 2023, siku ambayo Trump alijisalimisha kwenye jela ya kaunti ya Fulton, Jordan alimtumia barua yenye maswali mapana. Willis akajibu Septemba 7 kwa ukali usio wa kawaida. Samansi ilipokuja Februari 2, 2024, ilikuwa imepunguzwa sana: ilihusu ruzuku za serikali kuu. Ukiona karatasi inasinyaa namna hiyo, ujue kuna mwanasheria wa kamati aliyekaa chini akatafuta mahali panaposhikika.

Mambo yakifika mahakamani, acha kusoma matamko ya wanasiasa na ufungue jalada. Aprili 11, 2023, Bragg alimfungulia Jordan kesi ya madai katika mahakama ya wilaya ya serikali kuu mjini New York. Jalada ni namba 1:23-cv-03032. Mfumo wa PACER, yaani hifadhi ya mtandaoni ya majalada ya mahakama za serikali kuu, hutoza senti 10 kwa ukurasa, usizidi dola 3 kwa waraka mmoja, na ukitumia dola 30 au pungufu kwa robo mwaka hulipi kitu. Kwa hiyo usiniambie gharama ndiyo iliyokuzuia. Fungua ukurasa wa kwanza wa hati ya madai, utazame orodha ya washtakiwa: Jordan, kamati yake, na Pomerantz. Kijana mmoja aliniuliza inakuwaje Bragg amshtaki mtu anayetaka kumlinda asihojiwe. Swali zuri. Katiba inawakinga wabunge wasishtakiwe kwa kazi zao za kutunga sheria, na tangu uamuzi wa Eastland wa mwaka 1975 kinga hiyo inahusu pia samansi zao. Pomerantz hana kinga ya ubunge. Akiwa miongoni mwa washtakiwa, jaji anapata mtu anayeweza kumwamuru.

Jaji Mary Kay Vyskocil aliamua Aprili 19 kwamba Pomerantz aende. Kesho yake mahakama ya rufaa ikasimamisha kwa muda. Siku iliyofuata pande zote zikaafikiana: Pomerantz atahojiwa Mei 12, na mwanasheria wa ofisi ya Bragg atakuwa chumbani. Aliketi kitini siku hiyo, na maswali mengi akakataa kuyajibu, akitumia pia haki yake ya Marekebisho ya Tano ya kutojitia hatiani. Kila upande ulidai umeshinda. Kwa maoni yangu, wote walikuwa wanaiogopa mahakama ya rufaa kuliko walivyoogopana, maana uamuzi wake ungebaki kuwafunga hata waliokuja baada yao. Kwa hiyo unapoandika habari ya siku ya kwanza, usiandike kana kwamba hukumu kubwa iko njiani. Uwezekano wa maafikiano ni mkubwa.

Vitisho vya "kulidharau Bunge", yaani kosa la kukaidi samansi yake, visikutishe na wewe. Fuata mnyororo pete kwa pete: kamati ipige kura, Baraza zima lipige kura, shauri lipelekwe kwa mwendesha mashtaka wa serikali kuu wa Washington, naye ndiye huamua kushtaki au kuacha. Huyo yuko chini ya Wizara ya Sheria ya rais aliye madarakani. Mwaka 2012 Baraza lilimtia hatiani kwa dharau Eric Holder, Mwanasheria Mkuu wa wakati huo na mkuu wa wizara hiyo, na wizara ikakataa kumshtaki. Steve Bannon na Peter Navarro, washauri wa zamani wa Trump, walishtakiwa, na mwaka 2024 kila mmoja alitumikia miezi minne. Sheria ni moja. Kilichotofautiana ni nani ameshika pete ya mwisho. Basi swali la kumuuliza mchambuzi hewani ni hilo, wala si nani amekasirika zaidi.

Mwisho, andika tarehe kwenye kalenda. Samansi ya Baraza la Wawakilishi huishi na Bunge lililoitoa, na Bunge hilo hufa Januari 3 ya kila mwaka usiogawanyika kwa mbili. Julai 2016, Lamar Smith, mwenyekiti wa kamati ya sayansi, aliwapelekea samansi wanasheria wakuu wa majimbo ya New York na Massachusetts kuhusu uchunguzi wao wa kampuni ya Exxon. Walikataa kwa hoja ile ile ya mamlaka ya majimbo, na Bunge lile likafika mwisho bila kuwachukulia hatua yoyote. Ukisikia samansi imetolewa mwezi wa kumi na moja wa mwaka wa uchaguzi, ipe aya mbili, halafu uangalie Januari kama mwenyekiti mpya ameitoa upya.