Somo: Kuandika "I look forward to hearing from you" bila kuchapia

Habari zenu, wadau. Nina stesheneri ndogo karibu na Sabasaba hapa Dodoma, na kazi inayoniweka mjini ni kuchapa barua za maombi ya kazi. Tangu serikali itangaze mwaka 2016 kwamba inahamia huku, na wizara zikajengewa majengo Mtumba, wateja wa barua hawakatiki. Kila mtu huja na maelezo yake, ila mstari wa mwisho ni uleule: "I look forward to hear from you." Hapo kuna kosa. Mimi mwenyewe nilichapia hivyohivyo miaka mingi, tena nikiwarekebisha waliokuwa wameandika sawa. Mungu anisamehe.

Hatua ya kwanza: ijue maana. Msemo huu hauishii kwenye "nasubiri". Ni kusubiri kwa hamu kitu unachokipenda. Kwa hiyo usiubandike kila barua. Mteja mmoja alileta barua ya kujieleza kwa nini alichelewa kazini wiki nzima, na chini kauweka. Nikamuuliza, ndugu yangu, una hamu na hiyo adhabu? Tukaufuta.

Hatua ya pili ndiyo somo lenyewe: ielewe hiyo "to". Tunachapia kwa sababu ya Kiswahili chetu. Kwetu "kusikia" hufanya kazi mbili. Ukisema "nataka kusikia", hicho ni kitenzi. Ukisema "kusikia kwake ni kwa shida", limeshakuwa jina, ngeli ya KU, na umbo halijabadilika hata herufi. Mwingereza kazi hizo kazigawa: hapa ataweka "to hear", pale ataweka "hearing". Na "to" ya kwenye "look forward to" si ile ya "to hear". Ni kihusishi, ndugu wa "to" ya kwenye "I am going to Kondoa". Baada yake hukaa jina, au kitenzi kilichovishwa "-ing" kikawa jina.

Hatua ya tatu: pima. Futa kila kilicho baada ya "to", weka "it". "I look forward to it." Sentensi imesimama, kwa hiyo mahali hapo ni pa jina: "I look forward to your reply", "I look forward to the interview", "I look forward to meeting you". Sasa jaribu "I want to it". Imeanguka chali, ndiyo maana "want" hufuatwa na "to hear". Mimi kipimo hiki ndicho kilichonitoa gizani, si kanuni za darasani.

Hatua ya nne: tahajia. "Forward" ina r mbili. "Foward" naiona kila wiki. Na usiseme "looking forward for".

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Nkuhungu: Kaka, niandike "I look" au "I am looking"?
Jibu: Zote sahihi. "I look" ina urasmi zaidi, barua ya kazi ipe hiyo. "I am looking" ni ya mtu mliyezoeana kidogo. "Looking forward" iliyokatwa kichwa iache kwenye meseji za simu.

Mwalimu wa Mpwapwa: Nimewafundisha wanafunzi kuwa baada ya "to" kitenzi hubaki kitupu. Sasa nikawaambie nini?
Jibu: Mwalimu, shikamoo. Hukuwadanganya, umebakiza nusu tu. Wape mfano huu ubaoni: "I used to wake up early" ni zamani nilikuwa nikiamka mapema, sasa siamki. "I am used to waking up early" ni nimezoea kuamka mapema. "To" mbili, tabia mbili. Ya pili inapita kwenye kipimo cha "it", ya kwanza haipiti.

Dada wa Kisasa: Mbona kompyuta haikunipigia mstari mwekundu?
Jibu: Dada, "hear" imeandikwa sawasawa, na mstari mwekundu hukagua tahajia. Programu nyingine hunasa sarufi, nyingine hupitiwa. Soma mwenyewe.

Mwanachama wa Kongwa: Hapo chini ni "faithfully" au "sincerely"?
Jibu: Ukianza na "Dear Sir or Madam", malizia "Yours faithfully". Ukimtaja kwa jina lake, "Yours sincerely". Huo ni utaratibu wa Uingereza, nasi ndio tuliorithi shuleni.

Kijana wa Chamwino: Kiingereza kinanipiga chenga. Ni lazima?
Jibu: Si lazima, mdogo wangu. Soma tangazo kwanza. Ya Sekretarieti ya Ajira mara nyingi huruhusu barua ya Kiswahili au ya Kiingereza. Ila ukichagua Kiswahili, kiandike hasa. Nimeshaletewa "natazama mbele kusikia kutoka kwako", na mwenyewe alikuwa amepania kweli. "Natumaini ombi langu litakubaliwa" inatosha. Kisha isaini kwa mkono kabla ya kuiskani, maana wengi hurudi kwangu mbio wakiwa wamesahau hilo.