SOMO: Mtoto kapasi OAE lakini haitiki akiitwa, tunapimaje neva ya sikio

Habari wadau. Mtoto anawekewa kimashine cha OAE sikioni, taa ya kijani inawaka, mama anaambiwa yuko fiti, halafu mwaka na nusu baadaye ukimwita hageuki. Kile kimashine hakijadanganya ila kimepima nusu ya njia tu, OAE inasikiliza mwangwi wa vinywele vya ndani ya sikio (David Kemp aliugundua 1978) na inaishia hapohapo, neva haiigusi. Vinywele vikiwa vizima ila neva haipitishi sauti vizuri, hali hiyo inaitwa auditory neuropathy, na hao ndo watoto ninaowazungumzia.

Hatua ya 1: timpanometri (kupima ngoma ya sikio inavyocheza). Kukiwa na maji nyuma ya ngoma OAE inapotea na ushahidi wako umeenda nao. Hapohapo cheki rifleksi ya msuli wa sikio, hawa watoto mara nyingi hawana.

Hatua ya 2: OAE, masikio yote.

Hatua ya 3: ABR (kusoma umeme wa neva ya sikio hadi shina la ubongo), na hapa ndo kwenyewe. Mwambie mama aje na mtoto ana njaa na usingizi, bandika elektrodi kwanza ndo anyonyeshe, atalala mwenyewe. Tumia earphone zenye mrija. Piga kliki kwa nguvu, 80 au 90 dB, raundi moja polariti (mwelekeo ambao kliki inaanza nao) ya kusukuma, nyingine ya kuvuta, kila moja isevu peke yake. Ukiweka ile ya kupishanisha, CM (umeme wa vinywele) inajifuta, unabaki na mstari umelala chali na unaandika "kiziwi kabisa", kosa hilo. Zipandanishe zile mbili: zikipinduka moja juu nyingine chini hiyo ni CM, vinywele viko hai, mawimbi ya neva hayapinduki hivyo. Kisha bana mrija, piga tena. Ikipotea ni CM kweli, ikibaki ni umeme wa spika. Mimi niliwahi kusahau kubana nikaishangilia CM nzuuri, kumbe spika, mtoto wa watu ikabidi aitwe tena.

Hatua ya 4: usikadirie usikivu kwa ABR. Wawili wenye ABR ya mstari mtupu, mmoja anasikia karibu kawaida mwingine hasikii kitu. Kipimo cha gamba la ubongo kinasaidia, ila hapo mtoto awe macho.

MASWALI

Mama Pacha: Wangu mmoja alikuwa na manjano kali hadi akabadilishiwa damu, alipimwa OAE tu akapasi. Nitulie?
Jibu: Usitulie dada, mpeleke ABR. Manjano kali, njiti, waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa, hao wote OAE peke yake haiwatoshi.

Mdau: Mkuu OAE ilikuwepo, saivi haipo, ina maana kapona au ndo kazidi?
Jibu: Kwa baadhi yao hupotea tu na umri, CM inabaki. Ndo maana nawasumbua na polariti.

Baba K: Dogo ana miezi 3, ABR hamna kitu, tununue mashine za kusikia?
Jibu: Subiri kidogo kaka. Njiti na wa manjano wengine ABR inarudi miezi ya mbele, kwahiyo mrudie. Kuanzia miezi 6 hivi ataweza kupimwa kwa kugeukia sauti, kiwango cha mashine kitoke hapo.

Mama Pacha: Na kupandikizwa kifaa cha kusikia (cochlear implant)?
Jibu: Inawezekana, wengi wanafaidika, ila MRI (picha ya ndani ya kichwa) kwanza tuone kama neva yenyewe ipo.